Warsha yangu ilibuma: historia fupi ya watu waliofundishana kulehemu

Nimekuwa kimya wiki kama tano hivi. Wengine mmeniuliza kantini kama nimefiwa au nimeshikwa na sap. Hapana. Nilikuwa najificha kwa aibu tu, na leo naeleza kwa nini.

Mnayakumbuka yale matangazo niliyobandika bwenini na pale kantini: njoo ujifunze kulehemu, uunde redio yako mwenyewe, mchango shilingi elfu tano. Nilijiandaa kwa watu ishirini. Wakaja arobaini na mmoja. Vyuma vya kulehemia vilikuwa sita, na viwili vilikata roho kabla ya nusu saa. Mimi nikasimama mbele na projekta yangu, nikahubiri saa moja na nusu: elektroni, kanuni ya Ohm, tranzista, mpaka nikasahau kwamba watu walikuja kushika chuma. Muda wa kushika ulipofika zikabaki dakika arobaini. Jamaa watano wa mwaka wa tatu wakaviteka vyuma vyote, wengine wakawazunguka kama watu wanaoangalia ajali barabarani. Redio niliyochagua ilikuwa na vipande zaidi ya thelathini. Hakuna hata moja iliyolia. Hata moja, jamani.

Lakini kilichoniuma si redio. Kuna dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliyefika mapema kuliko wote, daftari mkononi. Alisimama nyuma mpaka mwisho. Wakati wa kutoka akaniambia kwa adabu kabisa: "Asante kaka, nimejifunza kuangalia."

Kauli ile haikunitoka kichwani. Elfu tano kwa mwanafunzi ni chakula cha siku mbili. Usiku nikajiuliza: hivi mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kuwaita watu wakae mezani waunganishe vitu kwa moto? Si kuna waliotangulia? Wao walifanyaje hadi watu wakaondoka wanacheka? Basi nikaacha kujificha, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza kwa wasiojua. Kulehemu ni kuunganisha metali mbili kwa kuyeyusha metali ya tatu katikati yao, iliyo laini zaidi, bila zile mbili zenyewe kuyeyuka. Si sawa na kuchomelea geti. Lehemu ya zamani ya elektroniki, ile ambayo mafundi wa mtaani wanaiita risasi tu, ni mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Hapa kuna kitu kinachonifurahisha kila nikikifikiria. Bati likiwa peke yake linayeyuka kwenye nyuzijoto 232. Risasi ikiwa peke yake inangoja mpaka 327. Ukizichanganya kwa kipimo hicho zinayeyuka kwenye 183. Yaani zikiwa pamoja zinakubali mapema kuliko kila moja ikiwa kivyake. Ndani ya waya huo kuna utomvu wa msonobari uliokaushwa, kazi yake ni kusafisha kutu ili lehemu ishike. Ule moshi unaokukereza puani unatoka humo hasa, ndiyo maana unafungua madirisha. Risasi yenyewe unaiepuka kwa kunawa mikono na kutokula mezani. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vingi vipya vya elektroniki, na lehemu zisizo na risasi zinataka joto zaidi, kama nyuzi 217 hivi na kuendelea.

Ufundi wenyewe ni mkongwe. Warumi waliunganisha mabomba ya maji kwa bati na risasi, na Pliny Mkubwa aliandika habari zake katika karne ya kwanza. Kwa karne nyingi chuma kilikuwa kinapashwa kwenye makaa. Cha umeme kinachotengenezwa kiwandani kwa wingi tunakihusisha na Mjerumani Ernst Sachs, aliyeanzisha kampuni ya ERSA mwaka 1921. Na angalia mwaka huo, maana ndio wakati watu wa kawaida walianza kukihitaji nyumbani.

Sababu ilikuwa redio. Novemba 1920 kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kilianza matangazo yake, na mwaka 1922 BBC ikaanzishwa Uingereza. Kila mtu akataka kusikiliza, lakini redio za dukani zilikuwa ghali. Basi watu wakaunda zao. Unazungusha waya kwenye mrija wa boksi gumu, unaweka kipande cha galena (nacho ni madini ya risasi, dunia ndogo!), unaunga spika za masikioni, unatundika waya mrefu nje. Haikuhitaji betri wala umeme. Kabla ya hapo, mwaka 1914, Hiram Percy Maxim na Clarence Tuska walikuwa wameanzisha chama cha watu wa redio za kujifurahisha huko Hartford, Connecticut. Wazo lao lilikuwa rahisi. Mtambo mmoja hauwezi kufika mbali, basi ujumbe upokezwe, kituo kwa kituo, mpaka ufike. Mwaka uliofuata wakawa na jarida lao. Ujuzi nao ukawa unasafiri hivyohivyo, wa mtu mmoja kwenda kwa jirani yake.

Sasa tuje kwa jamaa walionifungua macho kabisa: Heathkit.

Kampuni ya Heath ya Marekani ilianza na ndege. Mwanzilishi wake, Edward Heath, alikuwa anauza ndege ndogo vipande vipande, unaletewa unaiunga mwenyewe. Alikufa mwaka 1931 akijaribu ndege. Mwaka 1935 kampuni ikanunuliwa na Howard Anthony. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, jeshi la Marekani likawa na maghala ya vipuri vya elektroniki lisivyovihitaji, na Anthony akavinunua kwa wingi kwa bei ya kutupa. Mwaka 1947 akatoa kifurushi cha oskiloskopu ya kuunga mwenyewe. Oskiloskopu ndicho kifaa kinachokuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, na wakati huo kilikuwa kitu cha maabara zenye hela. Ya Anthony haikuzidi dola 50. Ikauzika kama maandazi ya moto.

Lakini bei siyo siri yao, wadau. Siri ilikuwa kitabu cha maelekezo. Kila hatua ilikuwa na mabano matupu pembeni. Unaambiwa chukua rezista hii yenye rangi hizi, pitisha mguu wake tundu hili, lehemu, halafu weka alama kwenye mabano. Hatua inayofuata. Huhitaji kujua kanuni ya Ohm ndipo uanze. Maelezo ya namna kifaa kinavyofanya kazi yalikuwepo pia, kwa mwenye hamu, ila hayakusimama mlangoni kukuzuia. Na ahadi yao kwa mteja ilikuwa kwamba hawatamwacha ashindwe. Ukikwama unawaandikia, unasaidiwa. Watu ambao hawakuwahi kushika chuma waliunda redio, mitambo ya sauti, na baadaye hata televisheni za rangi. Biashara hiyo ya vifurushi ilidumu mpaka 1992.

Niliposoma hapo nikaziangalia zile slaidi zangu sitini na mbili. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Tuendelee. Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilitoka na picha ya boksi jalada zima. Lilikuwa kompyuta, Altair 8800, ya kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque iliyoongozwa na Ed Roberts. Kama kifurushi ilitangazwa kwa dola 397. Haikuwa na kibodi wala skrini, ni swichi na taa tu mbele, na kumbukumbu ya baiti 256, yaani pungufu ya meseji mbili za simu. Na ulitakiwa ulehemu mwenyewe, mamia ya viungo. Watu walituma hela kwa maelfu. Halafu vifurushi vikifika, wengi wanakwama. Kiungo kimoja kibaya kati ya mamia, boksi zima linakuwa pambo la mezani.

Ndipo ikaja ile jioni ya tarehe 5 Machi 1975. Fred Moore na Gordon French waliwaalika watu wenye hamu ya kuunda kompyuta wakutane kwenye gereji ya French huko Menlo Park, California. Walikuja kama thelathini, wakati wa mvua. Klabu ikaitwa Homebrew Computer Club. Mmoja wa waliofika alikuwa Steve Wozniak, kijana wa Hewlett-Packard. Alirudi nyumbani akachora kompyuta yake, akawa anagawa michoro bure kwa wanaklabu na kuwasaidia kuiunga. Wengi walipenda mchoro lakini hawakuwa na muda au mkono wa kuunga. Rafiki yake Steve Jobs akaona basi tuuze bodi zilizokwisha lehemiwa. Hiyo ndiyo Apple I ya mwaka 1976, dola 666.66, ziliundwa kama mia mbili tu.

Historia hii huwa inasimuliwa kama habari ya vijana wawili werevu kwenye gereji. Mimi sasa naisoma tofauti. Naiona kama habari ya watu waliokwama na viungo vyao vibovu wakatafuta pa kukaa na wenzao. Kwenye mikutano, iliyohamia baadaye ukumbi wa maabara ya Stanford na kuongozwa na Lee Felsenstein, kulikuwa na sehemu ya kusimama na kusema una nini na unatafuta nini, halafu sehemu ya watu kuchanganyikana kutafutana. Hakuna mhadhara wa saa moja na nusu. (Najisema mwenyewe hapa, msicheke.)

Kisha kompyuta zikawa za kununua dukani, vipuri vikawa vidogo kama punje za mchele, kuunga nyumbani kukapungua. Wengi walidhani mchezo umekwisha. Ukarudi miaka ya 2000. Mwaka 2004 Mitch Altman wa San Francisco alitoa kidude kinachoitwa TV-B-Gone, kazi yake kuzima televisheni yoyote iliyo karibu. Utundu mtupu! Mwaka 2005 Limor Fried, akiwa chuoni MIT, alianza kuuza vifurushi vya kuunga akiwa chumbani kwake, na hiyo ikawa kampuni ya Adafruit. Ndiyo, mwanafunzi, tena dada, tena chumbani. Mwaka 2007 kwenye kambi ya Chaos huko Ujerumani, Wamarekani waliohudhuria waliona namna Wajerumani na Waaustria walivyokuwa na nyumba za pamoja za kuchezea elektroniki, wakaenda kuanzisha zao. Altman alikuwa miongoni mwa walioanzisha Noisebridge, San Francisco. Tangu hapo amezunguka nchi nyingi akifanya kitu kimoja: anaweka meza, vyuma na vifurushi vidogo, na yeyote anakaa, mtoto au bibi, anaondoka na kitu kinachowaka. Mwaka 2011 alishirikiana na Andie Nordgren na Jeff Keyzer kutoa kijarida cha katuni cha kufundisha kulehemu, cha bure, kurasa chache tu. Na Agosti 2010 maonyesho ya Maker Faire Africa, yaliyoanzia Accra mwaka 2009, yalifika hapa jirani, Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nikadhani historia yangu imekamilika. Nilikuwa nimekosea tena.

Nje ya geti letu kuna kibanda cha fundi redio. Nimempita miaka miwili na nusu nikienda kupanda daladala. Siku moja nikaenda kununua risasi kwake, maana ya kwangu iliisha, nikamsimulia mkasa wangu. Shikamoo mzee, marahaba kijana, kaa hapo. Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akanipa chuma na bodi bovu, akasema: "Onyesha unavyofanya." Nikafanya. Akanigonga mkono kidogo. "Unapasha risasi. Usipashe risasi, mwanangu. Pasha kiungo. Kikipata moto risasi itakuja yenyewe." Hesabu moja, mbili, tatu, toa. Kiungo kizuri kinang'aa na kina umbo la kichuguu. Kikiwa duara kama goroli, kimekudanganya, hakijashika.

Mhandisi mtarajiwa wa mwaka wa tatu, wadau, nafundishwa hilo nje ya geti kwa sekunde kumi.

Na yeye alijifunza wapi? Kwa mjomba wake, naye kwa fundi mwingine. Ujuzi wa kupokezana, kituo kwa kituo. Nikakumbuka tulivyosomeshwa kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu takriban milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na kujadili mambo ya usafi, malaria na vyoo. Tunasifu serikali, walimu na vijitabu, na ni sawa. Lakini redio ikinyamaza kijijini kikundi kinafanya nini? Kuna mtu aliyeifungua akakuta kiungo kimeachia, akakirudishia kwa chuma kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Mtu huyo hayumo katika vitabu nilivyosoma. Mimi nilikuwa nimeandaa slaidi nne kuhusu California na sina hata moja kuhusu yeye. Hiyo ndiyo aibu yangu ya pili, na ni kubwa kuliko ya redio zisizolia.

Basi nikapanga upya. Nikarudisha elfu tano kwa kila niliyempata (bado nadaiwa na watu sita, mnajijua, nitafuteni). Nikaomba chumba kilekile, Jumamosi saa nne asubuhi. Watu kumi na wawili tu, vyuma sita, wawili wawili, na kila baada ya viungo vinne chuma kinabadilisha mkono. Hilo lilikuwa sharti, na mwaka wa tatu hawakusamehewa. Badala ya redio nikachagua saketi ya taa mbili zinazopokezana kuwaka: tranzista mbili, rezista nne, kapasita mbili, taa mbili za LED na kiunganishi cha betri. Jumla viungo 24. Nayo ina ukoo wake, maana Wafaransa Henri Abraham na Eugène Bloch walieleza saketi ya aina hiyo mwaka 1919, wakitumia vali za kioo. Maelekezo ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mabano matupu pembeni ya kila hatua, kama Heathkit. Hotuba yangu dakika tano, fundi kanishikia saa.

Ndiyo, fundi alikuja. Alivaa shati la Ijumaa. Nilimwomba asishike chuma cha mtu, aseme tu. Akaniambia mimi ndiye niliyehitaji kuambiwa hivyo, na ni kweli, mara tatu nilinyoosha mkono kumsaidia mtu naye akaurudisha.

Yule dada wa mwaka wa kwanza nilimtafuta mwenyewe nikamwomba radhi. Alisita, akaja. Viungo vyake vitatu vya kwanza vilikuwa magoroli matupu. Wa nne ukang'aa. Alipounganisha betri taa hazikupokezana. Chumba kikanyamaza, nikahisi tumbo linakata. Yeye hakuniita mimi wala fundi. Akageuza bodi, akapitia mabano yake moja moja kwa kidole, akakuta LED moja ameiweka miguu imegeuka. Akaichomoa, akaigeuza, akalehemu tena. Zikaanza kupokezana, kushoto, kulia, kushoto.

Kati ya bodi kumi na mbili, kumi na moja ziliwaka. Ile moja ni ya rafiki yangu wa chumba kimoja, ambaye hakusoma maelekezo, na hatutaji majina.

Awamu ijayo ni Jumamosi baada ya majaribio ya katikati ya muhula, nafasi kumi na mbili tena. Mezani atakayewasimamia ni yule dada, mimi nitakuwa nafungua madirisha na kukusanya vipande vya waya. Fundi kasema atakuja mradi chai iwepo. Aliyekuja ile ya kwanza akaondoka amenuna, jina lake liko juu ya orodha.

Haya, naishia hapa, betri ya kompyuta imebaki kidogo na chumbani umeme umekatika. Tuonane kantini.